Kumwonjesha Mke wa Baba Tamthilia Yetu

Ijumaa, 6 Juni
Siamini! Mke wa baba kaniuliza leo, nikiosha vyombo: hiyo tamthilia yenu ya Waingereza, ya yule msafiri wa nyakati, mtu anaanzia wapi? Mwaka mzima mimi na baba tunaitazama tukicheka, yeye pembeni na kikombe chake kama mgeni. Nikamwambia niachie mimi. Sabuni mpaka kwenye viwiko!

Ila nimwanzishie wapi? Imeanza kuonyeshwa baba hajazaliwa.

Jumamosi, 7 Juni
Kazini nimesaga vibaya lenzi za miwani ya mteja, akili iko kwingine. Fundi mkuu kauliza kama nimependa mtu. Nikasema ndiyo, ila haishi karne hii.

Baba anataka tuanze na vile vipindi vya zamani, visivyo na rangi. Nimekataa katakata. Atasinzia, tumpoteze!

Jumapili, 8 Juni
Mke wa baba kaja na mdogo wake, nesi, katoka zamu. Nimewawekea kile kipindi cha treni iliyokwama angani. Nilikuwa nawatazama wao, si televisheni. Nesi kasema lile zimwi ni ndoo iliyovishwa mpira. Kweli kabisa! Lakini lilipofungua mlango — nesi miguu juu ya kochi, kelele, mto usoni. Mke wa baba kaisogelea televisheni. Mwisho kauliza tu: kingine kiko wapi?

Kanasa!!

Jumatano, 18 Juni
Kanasa hasa. Leo mboga imeungua kwa ajili ya zimwi. Baba kala mkate mkavu huku anacheka. Mke wa baba anamsema shujaa kama jirani: huyu bwana kila siku safarini, lile koti anamfulia nani? Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikajisikia vibaya. Mama ndiye aliyetufundisha kuitazama, na tangu afariki sijacheka hivyo kwenye kochi lile.

Tatizo: kesho shujaa anakufa na kuinuka na sura nyingine, mwigizaji mwingine. Yeye hajui. Baba anasema tunyamaze. Naogopa. Akimkataa mpya, basi tena.

Alhamisi, 19 Juni
Mke wa baba kalia machozi! Kwikwi! Kisha mpya kainuka, mrefu, pua ndefu, na mke wa baba akasimama: simtaki huyu! Anavaa koti la mwenzake, anashika vitu vya mwenzake, kana kwamba mwenzake hakuwepo!

Akaangalia aproni aliyovaa. Ya mama. Akaenda jikoni.

Nimesimamisha kipindi, naandika hapa hapa kochini. Nimempazia sauti: hata mama alimkataa huyu! Alizira wiki nzima!

Uongo mtupu. Mama alimpenda papo hapo. Baba anajua. Kainamia rimoti.

Jikoni maji hayatiririki, sufuria hazigongani.

Sasa kauliza, polepole, bila kutokea: na baada ya hiyo wiki, ikawaje?