Mvinyo Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahasha zimepasuliwa. Mtafiti — binti mdogo tu, rika la mwanangu, viatu safi kuliko sahani zetu — alitukalisha kwenye mabenchi akaeleza tena. Kila mlevi wa barabarani aliyekubali kuingia kwenye utafiti ana bahasha yake. Humo kuna neno moja: "ndani" au "nje". Wa ndani wanapata kitanda kwenye Nyumba hii na glasi ya mvinyo iliyopimwa, kila baada ya saa moja na nusu. Wa nje wanabaki walipo, wanapewa ushauri na sabuni. Baadaye watalinganisha nani kaanguka kifafa, nani kalazwa, nani kafa. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini.

Mimi: ndani. Injinia: nje.

Injinia si mume wangu wala ndugu yangu. Ni mtu ninayelala naye mgongo kwa mgongo kwenye baraza la duka la samani, ili baridi isitumalize. Aliitazama karatasi yake, akaigeuza, labda nyuma kuna kitu. Akasema, haya Fundi, nenda kaninywee. Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza Mtafiti kama tunaweza kubadilishana. Hapana mama, akasema, hiyo itaharibu kila kitu.

Jumatano, 5 Machi

Shuka! Pindo limeshonwa ovyo, lakini shuka ni shuka.

Mvinyo unatolewa kwenye dirisha dogo mwisho wa ukumbi. Sista, muuguzi wa Nyumba, anamimina, unakunywa mbele yake, unarudisha glasi. Hakuna kuondoka nayo. Anasema si starehe hiyo, ni dawa: mtu aliyezoea pombe miaka mingi akikatiwa ghafla anaweza kufa. Najua. Nimeshawahi kumwona Injinia akirushwarushwa kwenye sakafu ya baraza, povu mdomoni, na watu wanapita.

Mikono imetulia kidogo. Ndiyo maana naandika. Sista ndiye aliyenishauri, nizoeze vidole. Huenda siku moja nikatunga uzi kwenye sindano tena.

Jumapili, 9 Machi

Injinia alikuja kwenye uzio wa nyuma. Anatisha. Macho ya njano, shati kalivaa ndani nje. Zamani tulikunywa kwa mikono yangu — natia viraka, nabadilisha zipu, jioni tunapata chochote. Sasa sipo. Anakunywa sanitaiza, ile ya kusafishia mikono. Anasema inaunguza mpaka kitovuni. Akatapika palepale. Nikamwambia aache.

"Niache ninywe nini, Fundi? Ushauri?"

Nilirudi ndani, nikanywa glasi yangu, nikajichukia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefanya.

Nilimeza nusu, nusu nikaiacha mdomoni, nikarudisha glasi. Na Sista, ambaye pale dirishani huwa hasalimii mtu — leo ndiyo akanisalimia! "Umeamkaje, mama?" Nikaitikia kwa kichwa. "Jino?" Nikashika shavu. Masikini, akaniambia nipite baadaye kwa dawa ya maumivu. Kutoka dirishani mpaka uzioni ni ukumbi, jiko, kamba za nguo, choo cha nje. Njia nzima naomba nisipige chafya. Injinia akapitisha kikombe chake cha plastiki kwenye tundu la waya. Nikamtemea.

Akanywa.

Kinyaa? Ndiyo, kinyaa. Raundi iliyofuata nikaenda tena.

Jumanne, 25 Machi

Mlinzi anadhani nambusu. Kanitangaza Nyumba nzima! Sista naye: "Shemeji yetu wa kwenye waya hajambo?" Nikamjibu hajambo, asante. Na ni kweli. Sanitaiza kaacha. Shati analivaa sawasawa.

Mimi ndiye ninayeamka na jasho. Nusu kipimo hainitoshi, vidole vinacheza, mwandiko huu sijui nani atausoma. Mchana tulipuliza kile kifaa cha kupima pombe. Mtafiti akaangalia namba, akanikumbatia. Mama, unapunguza! Mwenyewe! Kaniita mfano wa kuigwa. Niliona haya, masikio yakawaka moto.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilichelewa uzioni, nikamkuta Bondia. Huyu yuko chumba cha wanaume, ngumi zake zimeshang'oa meno ya watu. Amesimama kimya, mashavu yametuna kama mtoto aliyeiba sukari. Upande wa pili, mdogo wake na chupa. Tukatazamana. Hakuna aliyeweza kutoa neno! Nyuma yangu wakaja wengine wawili, mashavu hivyohivyo. Watu wazima, walevi wa kutukana mchana kweupe, tumepanga foleni kama watawa.

Bondia alipomaliza kutema ndipo akasema, "Fundi, hujaniona."

"Wewe umeniona?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sijacheka vile tangu cherehani yangu iuzwe. Kumbe karibu kila aliye ndani ana mtu wake nje.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemkuta Mtafiti jikoni, chai imepoa mbele yake, macho mekundu. Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia — nadhani hakupaswa. Matokeo ya awali yametoka. Ndani na nje hakuna tofauti. Wa nje hawaanguki kifafa, hawanywi tena sanitaiza, hawalazwi.

"Hawana kitanda, hawana mvinyo, mama, na wanaendelea kama nyinyi. Sasa hii Nyumba inasaidia nini?"

Wafadhili wanakuja tarehe tano. Bila tofauti, Nyumba inafungwa. Ikionekana inafaa, zitafunguliwa nyingine, na wa nje wote watapata nafasi. Injinia angepata shuka.

Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi. Jibu lake lote nilikuwa nalo. Nikamwambia anywe chai.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimemwambia Bondia tuseme. Akanishika bega. Ukimwaga mtama, akasema, mlinzi anawekwa uzioni siku hiyohiyo. Mdogo wangu hamalizi wiki. Wako pia. Nitakuvunja taya, Fundi, halafu nitalia. Namwamini kwa yote mawili.

Tukinyamaza, Nyumba inafungwa na sote tunarudi barabarani kufa mmoja mmoja. Tukisema, wao wanakatiwa leo. Nimeligeuza jambo hili kila upande, siuoni upande wa kuvaa.

Nimemweleza Injinia. Aligeuzageuza kikombe chake kitupu. Kisha akasema nifanye ninavyoona, ila nimwambie mapema ajiandae. Ajiandae vipi? Nilimwuliza, akaangalia barabara.

Jumapili, 4 Mei

Tangu jana ua wa nyuma umefungwa. Wanapaka rangi kwa ajili ya wageni. Siwezi kufika uzioni. Bondia anazunguka ukumbi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Jioni niliomba nitoke mara moja tu, nikaambiwa rangi haijakauka. Rangi!

Jumatatu, 5 Mei

Naandikia kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika haraka.

Wageni walikuja asubuhi, watatu, mikono ya makoti yao mirefu kupita kiasi. Ua ulifunguliwa. Nilitoka dirishani mdomo umejaa, sikumeza hata tone, nikafika kwenye kamba za nguo. Injinia yuko uzioni, kijivu, kikombe kimeshapita kwenye tundu. Ndipo Mtafiti akanikimbilia na wageni wake.

"Huyu ndiye mama niliyewaambia! Kapunguza mwenyewe. Mama, waeleze."

Nikatabasamu, midomo imefungwa.

"Anaona haya," akasema.

Mgeni mmoja, mzee mpole, akaniinamia. Akasema, mama yangu, nisaidie nielewe. Kama walio nje wanaishi vizuri bila Nyumba, tuiendeleze ya nini? Hakuuliza kwa ubaya. Angekuwa na dharau ningempa mgongo, ningekwenda zangu uzioni.

Bondia alikuwa mlangoni mwa jiko, mashavu yametuna. Akanitikisia kichwa. Usithubutu.

Nikamtazama Injinia. Alijua. Alinitazama tu, kikombe mkononi.

Nikameza.

Nikasema, "Hawaishi vizuri bila Nyumba. Wanakunywa kwetu." Nikaeleza yote, nusu na nusu, foleni, kila kitu. Pumzi yangu inanuka mvinyo wake. Mtafiti akakaa chini kwenye nyasi, na nguo zake nzuri. Hakunikumbatia. Bondia hakunivunja taya. Alitema ukutani, kwenye rangi mpya, akaingia ndani kulala.

Sasa wamejifungia ofisini, Sista pia wamemwita. Nasikia "kuharibika", nasikia "kuanza upya". Mlinzi kahamishiwa uzio wa nyuma na kiti chake. Kutoka hapa namwona Injinia. Mlinzi anamfukuza kwa mkono, yeye hajaondoka, hajautoa mkono kwenye tundu. Nasikia kikombe kinagonga waya. Kinagonga haraka. Bega nalo limeanza kurukaruka.

Nimegonga mlango. Nimesema kuna mtu anaanguka, namtaka Sista. Sauti ya yule mzee ikanijibu kutoka ndani, kwa upole kabisa, nisubiri kidogo, wanazungumzia hali ya walio nje.