Roboti Limeninyang'anya Mwanangu

Shangazi Dorcas, shikamoo. Nimefika mwisho wa akili zangu, nishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Nina mtoto mmoja, nitamwita Odeta (majina nimeyabadili), ana miaka tisa, mikono yake imekakamaa tangu kuzaliwa na maneno yanamtoka kwa shida, na siku zote ni mimi ninayemlisha, ninayemvalisha, mtu akimuuliza jina lake najibu mimi, sasa mwaka huu darasani kwao, darasa la watoto wenye ulemavu, akaja mwalimu wa kujitolea, Sherbanu, binti wa mwenye duka la vitambaa, akaleta roboti, ni kigari chenye umbo la kobe, ukibonyeza vitufe kinatembea na kugeuka, watoto wanajifunzia kuhesabu, na kwa kuwa vitufe vilikuwa vidogo akampa fundi redio akafunga swichi pana kama kifuniko cha sufuria, Odeta anaipiga kwa kiwiko.

Siku ya wazazi nikataka kumsaidia, akausukuma mkono wangu mbele ya watu, akasema, "Acha, mama," akapiga mwenyewe, kigari kikaenda, akacheka huku anamtazama Sherbanu. Shangazi, kicheko kile mimi sijawahi kupewa! Na baba yake akirudi nyumbani ni mwalimu Sherbanu hivi, mwalimu Sherbanu vile, wakati huyo Sherbanu hajawahi kumgeuza mtoto kitandani hata usiku mmoja. Wivu umenizidi. Juzi ilikuwa zamu yangu ya kufagia darasa, maana wazazi tunapokezana, nikaichomoa ile swichi, nimeificha kwenye pipa la unga. Mwalimu mkuu amesema isipopatikana hadi Ijumaa, roboti linahamia kwa watoto wenye vidole vizima. Odeta hali, halali, na mimi moyo unaniambia afadhali liende, mwanangu arudi kwangu. Nifanyeje?

Mama Mwenye Wivu, Buswelu

Marahaba, mama. Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikatafuta fimbo. Kulea hivyo miaka tisa si mchezo, halafu sifa zinamwendea mgeni wa juzi; hata mimi ningenuna. Lakini kununa ni kununa, na wizi ni wizi. Umemwibia mwanao, tena pamoja na wenzake ambao hawajakukosea lolote.

Roboti halijakunyang'anya mtu. Kile kigari kina jambo moja tu ambalo wewe huna: kinasubiri. Hakiendi mpaka Odeta aamue. Wewe unajibu kabla hajafungua mdomo, na unaita mapenzi. Ni mapenzi kweli, ila yanambana. Mtoto ambaye maneno yanamtoka kwa shida amekuambia "Acha, mama," nawe badala ya kupiga vigelegele umekwenda kununa!

Kesho asubuhi, kabla hujaenda sokoni, pangusa hiyo swichi umpelekee Sherbanu mkononi mwake. Usimdanganye kwamba umeiokota. Sema, "Niliichukua mimi, nilikuonea wivu." Akifoka, vumilia, aibu haiui. Akinyamaza, mwombe akufundishe kuifunga. Na mumeo mwambie waziwazi kwamba nawe unataka kusifiwa. Wanaume wengine hawaoni mpaka waonyeshwe.

Jioni kaa na Odeta jikoni, muulize anataka dagaa au sato. Kisha funga mdomo. Ugali ukipoa, upoe.