Mipini Miwili ya Kifaru

Isiolo, 5 Februari 1967

Baba M'Ikiara mpenzi,

Sasa hivi tu mwanao ameegemeza gunzi la mahindi ukutani, akalisukuma kwa tumbo, midomo ikipiga "drrrr" mpaka mate yakamchuruzika kifuani. Kosa ni langu, nilimsomea kwa sauti barua yako ya mashine za kutoboa. Udongo umebanduka na kuku amechungulia kwenye shimo. Nimchape? Nitamchapaje mtu mwenye jina la baba yako? Nimemwambia tu, "Mzee, nyumba ni yako, itoboe polepole."

Hujambo lakini? Baridi ya Nairobi imekuacha? Sisi tu wazima. Kafyu ya vita ni ile ile, jua likizama kila mtu kwake. Watu wanaoletwa mjini kutoka manyatta za wafugaji wanazidi. Jirani yetu mpya anaitwa Bisharo, Mborana wa Korbesa. Ng'ombe wao wamekwisha, mdomo wake haujaisha.

Umesema nichague mimi, kwa vile tajiri wako anafunga karakana na kila fundi atapewa mashine moja ya kutoboa mbao. Chapa Kifaru, nzito kama mchi, ya fundi wa kazi. Chapa Korongo, nyepesi, ya mtu wa nyumbani, nayo ikitumika kutwa inapata moto na kunuka. Nimefikiri sana. Siku hizi hapa hakuna anayetaka kabati. Watu wanataka milango ya mti mgumu na makomeo ya kulalia usingizi. Guleid mwenye duka ana jenereta ya kupoza soda. Amesema atakupa waya wa umeme na baraza, bora mlango wa kwanza uwe wake. Nami, ili nijue uzito wa Kifaru, nimeinua mchi usawa wa bega nikauegemeza mlangoni. Mkono wangu umetetemeka, lakini wako ni wa fundi. Chukua Kifaru. Kisha uje nayo, umekaa huko sana.

Ni mimi,
Mama M'Ikiara


Nairobi, 21 Februari 1967

Mama M'Ikiara,

Salamu zikufikie wewe na mzee mdogo. Mimi niko, namshukuru Mungu.

Habari ya Guleid ni njema. Lakini hebu tufikirie Korongo tena. Kutundika rafu, kumtengenezea mtoto kiti, si inatosha? Na umuulize Guleid kama mjini kuna jiriwa, kile chuma cha kubana mbao mezani. Iwe kubwa. Ikikosekana si neno, kuna rafiki amenitajia kazi ya kulinda lango huku huku, nami nitakuwa nawakumbuka kila mwezi.

Mbusu mzee.

Baba M'Ikiara


Isiolo, 9 Machi 1967

Baba M'Ikiara,

Mtoto anacheka, mimi sicheki, ndiyo hali yetu. Wewe u hali gani? Nauliza sawasawa, si kwa desturi ya barua.

Nilikwenda kuulizia jiriwa. Guleid akasema, "Mama, bwana yako lini alitaka jiriwa? Dirisha langu hili alilishika kwa mkono huu, akatoboa kwa huu. Jiriwa ni ya mtu anayekosa mkono wa pili." Alisema kwa mzaha, akarudi kupima sukari. Mimi nikatoka, sukari nikaiacha mezani.

Fundi anayetaka mashine nyepesi. Anayetaka chuma kimshikie mbao. Anayewaza kulinda lango. Sikusoma sana, lakini hayo nimeyaweka pamoja na hayakunipendeza.

Ni mkono upi?

Mama M'Ikiara


Nairobi, 2 Mei 1967

Mama M'Ikiara,

Salamu, na unisamehe kimya hiki. Kila nikianza kuandika nachana.

Ni wa kushoto. Msumeno wa mashine, mara tu baada ya Mwaka Mpya. Kimebaki kidole gumba na cha pili yake. Kidonda kimefunga, nalala vizuri, usifikiri nateseka.

Sasa ujue. Kifaru ina mipini miwili, mmoja nyuma na mwingine ubavuni. Ukiachia wa ubavuni, inazunguka na mtu. Siiwezi tena. Korongo naiweza, lakini mti mgumu utaiua. Nimeona heri M'Ikiara amjue baba mlinda lango kuliko fundi wa kuchekwa sokoni. Tajiri anasafiri mwisho wa mwezi, anataka jibu. Nimpe lipi?

Usilie.

Baba M'Ikiara


Isiolo, 11 Mei 1967

Baba M'Ikiara, mume wangu,

Nimelia, kisha nikapika. Pole sana. Pole nyingine nitakupa ukifika. Mzee hajambo, ameota jino la nyuma na ananing'ata nalo.

Bisharo alinikuta macho mekundu nikamweleza. Unajua kwao nyumba hujengwa na mwanamke. Yeye hukata fito, yeye hufunga kamba, bwana anakuja kukuta pa kulala. Akaniuliza, "Na wewe mikono yako imekatwa?" Nikamwambia kwetu mke hagusi chombo cha mume, hata mama yako huzunguka asiliruke shoka la mzee. "Haya," akasema, "nyinyi Wameru ketini mngoje vidole viote kama mahindi. Mvua ikinyesha mtavuna." Nilikasirika! Halafu tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Tukachukua mchi, yeye ncha hii, mimi ile, tukauegemeza mlangoni usawa wa bega. Tukaimba wimbo mzima. Haukutetemeka.

Kwa hiyo jibu langu ni lile lile, Kifaru. Mpini wa nyuma ni wako, maana wewe ndiye unajua shimo liingie wapi. Wa ubavuni ni wangu. Wenye kucheka wacheke, jioni watarudi kulala nyuma ya mlango mbovu. Na baba yako akiuliza nani alinipa ruhusa ya kugusa chombo cha mume, nitasema M'Ikiara mwenyewe, ndiye huyu nimembeba.

Mkeo, Mama M'Ikiara


Isiolo, 18 Juni 1967

Baba M'Ikiara,

Leo mwanao hatoboi peke yake. Amemshikisha binti ya Bisharo ncha moja ya gunzi, mwenyewe ameshika nyingine, wanabomoa ukuta wangu kwa ushirika.

Hujambo huko uliko? Sisi wazima. Hujaandika tena, na tajiri wako lazima ameshaondoka. Sijui ulichukua Kifaru, sijui ulichukua lango. Kama utarudi mikono mitupu pia ni sawa, mikono yenyewe ndiyo naitaka, hata ikiwa mmoja na nusu. Nimeipaka baraza chokaa. Guleid ameshavuta waya, kila asubuhi ananitania, "Mama, huyo kifaru bado yuko porini?" Namjibu yuko njiani, wanamkagua kwenye kizuizi cha barabarani. Naye huniambia

ngoja kidogo, Bisharo anapiga kelele nje. "Mama M'Ikiara! Toka, wewe!" Nimemwambia ninaandika. Anasema nitupe hiyo kalamu, lori la Nanyuki limesimama kwa Guleid, na kuna mtu ameshuka na gunia zito, amelikumbatia kwa mkono mmoja, hataki mwanamume yeyote amsaidie, anasema upande wa pili una mwenyewe, aitwe