Mama wa kufunua sufuria

Florida, mwenzio leo nusura nifukuzwe nyumbani!

Ile hadithi yangu ya chuo niliyoiandika kwa Kiingereza, yenye mama mkorofi anayefunua sufuria za watu, Shangazi Daforoza kaikuta mezani. Kaniamuru nimsomee kwa Kiswahili. YOTE! Na yule mama ni yeye mwenyewe!!

Kacheka mpaka machozi. "Huyu si Mama Yustina wa Columbus? Umempatia!"

Nikashusha pumzi. Halafu eti, "Lakini mbona mbaya tu kama shetani? Andika kwamba kule kambini alikuwa anafunua ajue nani hajapika, ampelekee chakula."

Kambini?? Shoga, Mama Yustina hajakaa kambi ya wakimbizi hata siku moja; aliyekaa ni Shangazi!

Shangazi huyoo jikoni: "Na umpe jina zuri. Hilo la kichawi futa."