Mfalme wa Bukini katika Gereji ya Pearland

Jumatatu, 9 Julai 2018

Nimetoka shifti, nimeoga, nimempelekea uji jirani yangu Bi Vola. Hakuugusa. Kifua kizito, anasema. Anapiga miayo na kutetemeka katika joto hili la Pearland. Mwanawe Hery alishampeleka hospitali. Vipimo vyote safi. Mimi nesi, na sijui la kufanya.

Alhamisi, 12 Julai

Leo nimejua. Nilikuwa napika kwake, taarabu ikicheza kwenye simu. Akodiani ilipoingia tu, mabega ya Bi Vola yakaanza kutikisika, macho yakamgeuka. Nikaizima. Ndivyo alivyokuwa marehemu bibi yangu Unguja, kiti cha kibuki, yaani mtu anayepandwa na pepo wa kibuki. Pepo hao sisi Waunguja tuliwapokea kutoka Bukini, yaani Madagaska. Bi Vola ndiye Mbuki mwenyewe, Msakalava wa Mahajanga, aliyeishi Unguja na mumewe miaka mingi kabla watoto hawajawaleta Texas.

Nikamuuliza nani anamtaka. Akajibu polepole. Ni pepo wa mfalme wao wa zamani. Wao wanamwita tromba. Msimu huu kwao masalia ya wafalme yanaoshwa, na viti wote hukusanyika huko. Yeye yuko hapa.

Mimi naswali. Hata hivyo sikuogopa. Nilijisikia nimekaa na mtu mkubwa.

Ijumaa, 13 Julai

Nimezungumza na Hery. Mlokole, hataki kusikia. Mama ana huzuni, anasema, atampeleka kwa daktari wa akili. Nikamwambia mpeleke, na dawa za presha asiache, lakini msikilize pia. Akafunga mlango taratibu. Imeniuma.

Kiini kinajulikana. Baba yao alipofariki, Hery alimzika hapa. Dada yake Nirina, anayekaa Plano, Texas hii hii, alitaka mwili urudi kwenye kaburi la ukoo Mahajanga. Tangu mazishi hawasemezani. Bi Vola hajamlaumu hata mmoja. Anameza tu.

Jumapili, 15 Julai

Bi Vola ameanguka jikoni. Hakuumia, daktari kamruhusu. Hery kaja kwangu, uso umemsawajika.

"Dada, anahitaji nini?"

Nguo nyeupe, nikasema. Udongo mweupe, asali, ubani. Na Nirina. Bi Vola alishaniambia: mfalme hazungumzi na nusu ya nyumba.

Hery hakuweza kupiga simu. Nimepiga mimi. Nirina akasema anakuja.

Jumamosi, 21 Julai

Mchana, gerejini, magari yametolewa. Nirina aliweka sahani nyeupe ya maji, asali na sarafu ya fedha, akafukiza ubani. Kafunzwa na mama yake. Hery kasimama mlangoni, mikono kifuani. Salamu hakuna.

Nikapiga akodiani kwenye simu. Bi Vola akafunikwa shuka, akatetemeka mpaka miguu ya kiti ikalia sakafuni. Shuka ilipotoka, hakuwa yeye. Mwanamke anayetembea kwa kushika ukuta sasa kaketi wima, anatutazama kama mwenye nchi. Sauti nzito. Kisakalava cha kale, Hery hakielewi. Ikambidi Nirina amfasirie. Ndiyo maneno yake ya kwanza kwa kaka yake tangu mazishi.

"Anauliza nani alimzika mtu wake ugenini."

Hery akaja, akapiga magoti. Sikuamini macho yangu. "Mimi."

"Anauliza uliogopa nini."

Hery akajibu: "Sikutaka baba awe mbali na mimi."

Nirina akashindwa kufasiri. Hakuwa akilijua hilo. Mfalme akamngoja amalize kulia.

Hukumu ikatoka. Mwili ubaki. Udongo wa kaburi uende Mahajanga, waubebe wote wawili. Akawapaka udongo mweupe usoni, kisha akamtoka Bi Vola, akaenda zake.

Nimekaa vikao vingi vya usuluhishi, vya masheikh na vya wazee wa jumuiya. Sijaona kesi ya nyumba ikikatwa vizuri hivi. Ningetamani bibi yangu aone.

Jumatano, 25 Julai

Bi Vola anakula. Nirina bado yupo. Hery hasemi kama anaamini, lakini anatafuta tiketi.

Tulipobaki wawili Bi Vola akaniuliza mfalme alisema nini. Kiti hakumbuki. Nikamsimulia yote, na lile swali la uliogopa nini, na jibu la Hery. Alisikiliza kichwa chini.

"Mimi nisingethubutu kumuuliza mwanangu hilo," akasema.

Kisha akaomba chai. Nikamtilia.