Gonga Ulipo

Mjukuu wangu Tumaini,

Sisi hapa Iyunga wazima. Bibi yako anachimba viazi. Umeuliza kwa nini lori la mafuta lina mifuniko mingi juu. Tangi limegawanywa vyumba, mafuta yasisukumane dereva akishika breki mteremkoni, na kila chumba kina mfuniko wake.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa kuchomelea matangi hayo. Matundu ya mifuniko tulikuwa tunayakata mwisho. Siku moja nikiwa ndani ya tangi nikachomelea ukuta wa kugawa vyumba, kumbe nimejifungia upande usio na pa kutokea. Moshi ukajaa. Mwenzangu Ambakisye akapaza sauti kutoka nje: "Gonga ulipo, nisije nikakukata!" Nikagonga, akakata tundu pembeni yangu, nikatoka.

Barua yako ilikuwa mistari mitatu tu, yote ya lori. Gonga, Tumaini.

Babu yako