Msimletee Mama Sukari

Kilombero, kambi ya wakata miwa

Mama yangu mpendwa,

Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Mvua za huko zinaendeleaje, na migomba? Mimi mzima, ni viganja tu vimechubuka kwa panga. Wewe usinijibu kuwa hujambo, maana dada Atupele ameshaniandikia.

Kumbe kidonda cha mguuni hakijapona tangu wakati wa kupalilia chai! Dada anasema daktari wa Tukuyu alikwambia una kisukari, uache sukari na soda, nawe ukatoka pale unasema, "Yule kijana hajui kitu, mimi nilijikata na jembe." Halafu ukapitia dukani kununua biskuti. Jamani, Mama! Nilisonya mpaka wenzangu wakageuka kunitazama.

Nakuelewa lakini. Nakumbuka miaka ile ya foleni, sukari ya ushirika inaisha kabla hatujafika dirishani, na wewe unamkaribisha mchungaji chai chungu huku umeinamisha uso kwa aibu. Uliapa kwamba sukari ikirudi, hakuna mgeni atakayekunywa tena chai ya namna hiyo nyumbani kwako. Sasa imerudi, maduka yamejaa, na birika lako linanata.

Hapa nilikuwa nalala chumba kimoja na Athumani, mkata miwa hodari kuliko sisi wote. Yeye pia ana kisukari, na kidonda chake kilianzia kwenye kidole cha mguu. Naye alisema ni panga tu. Juzi amerudi kutoka hospitali, mguu umekatwa chini ya goti, anakaa mlangoni anatuangalia tukienda kazini. Naogopa, Mama. Naogopa sana.

Tena najua kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Kila anayekuja kukupa pole ameshika kilo ya sukari, na ukishaipokea lazima uichemshie chai mnywe pamoja, usionekane umemdharau. Kwa hiyo mguu ukizidi kuuma, wageni wanazidi, na sukari nayo inazidi.

Atupele, najua unasoma kwa sauti, na kina mama wa kwaya wamejaa hapo jikoni, maana barua yangu haijawahi kusomwa bila wao. Hapa usiruke.

Kina mama, shikamooni. Mnampenda mama yangu, nami nawashukuru. Ila hizo sukari rudini nazo majumbani. Mleteeni maharage, mleteeni mboga, mchoteeni maji, msindikizeni hospitali akasafishwe kidonda. Chai msiikatae. Inyweni naye bila sukari, ninyi nyote, asione aibu peke yake. Na wewe Mama Neema usicheke, wewe ndiye bingwa wa kujaza vijiko hapo.

Nisalimie baba mdogo wa Lufingo, na bibi kule Kisiba. Mwambieni ugoro wake sijausahau.

Mama, msimu ukiisha nakuja. Usinichinjie kuku. Siku zote nikishuka kwenye basi huwa unanikimbilia mpaka barabarani na kuninyang'anya mzigo. Sitaki kingine. Nataka nikukute palepale, umesimama kwa miguu yako yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Ambakisye